Mafuta ya Nywele na Waya za Kichwani

Jumatatu, 3 Machi
Sare sita za shule, suruali mbili. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Nyar Kasipul, mke wangu, ameanguka tena, safari hii kwenye bomba la maji. Kifafa hakina adabu. Michubuko tu, nashukuru. Chakula kimetoka kwa Mama, mama yangu mzazi, kama kawaida. Ni miaka miwili tangu mke wangu aangukie moto na Mama akachukua mwiko wake asipike tena. Anakula kama mgeni kwake mwenyewe. Leo amelia. Nimejiona bure kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Mhudumu wa afya wa kijiji amepita. Ijumaa kuna kipimo cha ubongo kwenye kliniki huko Homa Bay, siku moja tu. Mashine ndogo, inaingia kwenye mkoba. Inasoma umeme wa kichwani, halafu picha zinatumwa kwa mtandao kwa daktari bingwa aliye mbali. Mama amecheka. “Hiyo ni chira, laana. Waya itasoma laana?” Tutaenda. Ninaogopa kutumaini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempeleka mke wangu kwa msusi. Sitaki daktari adhani hana mtu wa kumtunza. Mistari safi, mafuta mpaka kichwa kinang'aa. Nimejisifu mjini kwetu, Awendo nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu yangu. Nesi amemtazama kichwa, kisha mimi.
“Mzee, mafuta yote hii ya nini? Waya haitashika. Fumua, osha. Tunafunga saa kumi.”
Ilikuwa saa saba na nusu. Nywele zimebana kama mshono wa mfuko wa jinzi. Nikakumbuka kisu changu cha kufumulia nyuzi, kilikuwa mfukoni mwa shati. Nimeketi kwenye benchi, nikafumua. Mimi fundi wa miaka kumi na tano, leo nafumua nywele! Mama mmoja aliyemleta mwanawe, hata jina lake silijui, akashika upande wa pili bila kuombwa. Mungu ambariki mama yule. Tumemwosha mke wangu bombani kwa sabuni ya kufulia, mara tatu. Alikuwa wa mwisho. Amelala na waya kichwani, akasinzia kabisa. Nesi alikuwa na njaa na hakulalamika. Nilitaka kumkumbatia.

Ijumaa, 14 Machi
Majibu. Cheche za umeme zinaanzia upande mmoja wa ubongo. Vidonge vya zamani haviifai aina hii ya kifafa, tena si vizuri kwa mwanamke anayetaka mtoto. Kumbe. Miaka yote hiyo tulidhani ni yeye asiyevimeza sawasawa. Nimemwomba msamaha njiani. Amepewa dawa mpya, anaanza na kidogo.

Jumamosi, 29 Machi
Ameanguka. Muda mfupi, lakini ameanguka. Mama amegeuka, akaendelea kusonga ugali. Afadhali angesema neno. Nimekasirika, nimeharibu kola ya shati la mteja. Kliniki wameongeza dozi.

Jumapili, 1 Juni
Hajaanguka tena tangu siku ile. Daktari hakuahidi kupona, alisema tuendelee na dawa. Tunaendelea.
Baada ya kanisa Mama amekuja na ule mwiko wa mke wangu, ameuweka mezani, akakaa. Nyar Kasipul amewasha moto mwenyewe. Mimi nilikuwa nje, nikijifanya natia mafuta cherehani, masikio yote jikoni. Sufuria ikagonga. Nikasimama. Nikasikia anaimba, nikakaa.
Ugali ulikuwa na madonge. Mama ameomba kuongezewa.