Mkanda wa Wambui

Ijumaa, Juni 1934. Laini ya wafanyakazi, Kericho.

Mvua ya mawe imepiga chai mchana, kisha jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotendeka. Mgongo unaniuma. Mimba imekua na sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitalia, na kulia kunachosha zaidi.

Asubuhi nilikuwa nikimwosha kichwa binti yangu Wambui. Juu ya paji la uso, pale unapopita mkanda wa kubebea kuni, nywele zimepukutika. Mkanda huo wa ngozi aliletewa na mama mkwe wangu kutoka Nyeri, maana mtoto ana jina lake. Kwetu msichana akipata mkanda wake ameanza kuwa mtu, na Wambui hachoki kujigamba nao.

Nilidhani ni choa. Nikampeleka zahanati. Dresa wetu, msaidizi wa daktari, mtu wa upande wa ziwani, alimgeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii si choa, Mama Wambui. Kila nywele iko na kifuko yake ndani ya ngozi. Huko chini ndiyo inalishwa na damu, inakua, inasukumwa nje. Hii unaona juu imekufa, hata ukikata haisikii."

Alieleza kwamba kifuko hufanya kazi miaka kadhaa, kisha hupumzika, unywele ukadondoka, kikaanza upya. Nilikionea wivu. Hata kifuko cha nywele kina likizo.

"Lakini ukivuta na kufinya kila siku, kinaumia. Mwisho kinafunga, na hapo haioti tena. Ya huyu bado iko wazi. Aache mkanda, ungoje miezi."

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikamwonyesha kibonde ambacho mkanda umenichimba juu ya paji, pasipo na nywele. Akapitisha kidole.

"Yako imefunga, mama."

Nilijua. Bado iliniuma.

Sasa kuni atabeba nani? Mume wangu Kamau alipotoka kiwandani nilimwomba asaidie mpaka nijifungue.

"Mimi nibebe kuni? Laini yote itanicheka. Na mama yangu utamwambia nini?"

Nina hasira naye, naandika hivyo bila kuficha.

Mkanda nimeufungia sandukuni. Wambui amekataa kula. Anasema nimemfanya mtoto tena mbele ya wenzake. Anasema nywele si kitu, mbona mimi sina na ninaishi.

Hilo ndilo limenimaliza.

Ninaishi, ndiyo. Sikuwahi kumwambia kwamba kitambaa hiki sikivui hata kanisani kwa sababu ya aibu. Alidhani ni pambo.

Kesho nitakwenda kutafuta kuni msituni mwenyewe na tumbo hili. Nitarudi na mzigo kwa njia ya kiwandani, saa ile wanaume wanatoka zamu, kichwa wazi, bila kitambaa. Kamau na laini yake yote watazame. Kisha aamue kama atanipita.