Malkia Aliyelala Kurasa Nne

Jumamosi, 3 Mei

Kikundi chetu cha hadithi za majoka na majini, chumba cha nyuma cha maktaba. Watu watano, feni mbovu. Yangu ya joka ilianza. Hongera, dada. Nzuri sana, dada. Basi! Miezi mitatu ya jasho, naondoka na hongera. Ila Fundi Saa, aliyeniomba nakala wiki iliyopita, kanipa karatasi iliyojaa maoni ya penseli, mwandiko wa kutetemeka. Joka langu, eti, linaongea kama barua ya ofisi. Limenichoma. Karani wa masjala miaka kumi na moja, ningeongeaje?

Kisha ikaja hadithi yake Fundi. Yeye hagawi nakala, husoma kutoka karatasi zake. Malkia anageuka chumvi, polepole, kuanzia miguuni. Kurasa nne kalala tu, anasikiliza nyayo za watu ukumbini. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu, akauliza nani ana neno. Mimi! Nikasema malkia anachosha. Muue ukurasa wa pili, hadithi itembee. Wakacheka. Fundi aliandika kila neno, hakuinua kichwa.

Nilikuwa nalipiza. Najua.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeyasoma tena maoni ya penseli kazini, jalada la mtu likiwa wazi mbele yangu kama geresha. Yote sahihi. Na chini kabisa, mstari ambao juzi sikuuona: hapa umenitoa machozi, usipaguse.

Hasira hasara.

Jumamosi, 10 Mei

Fundi hakuja. Mwalimu anasema simu inaita tu, haipokelewi. Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyekaa karibu yangu pia.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kibandani kwake. Kisingizio, saa yangu — nzima kabisa! Kaifungua, kaisikiliza, kanirudishia.

“Saa haina ugonjwa, mwanangu. Sema lililokuleta.”

Nikamwomba radhi. Akavua lenzi jichoni. Akasema yeye hajawahi kutunga hata mstari mmoja. Hadithi ni za mkewe. Mwaka wa pili huu yuko kitandani. Ilianza miguu, sasa mikono. Kikundi kisijue, ndiyo amri ya mama huyo, maana wakijua wataanza kumsifu. Maoni ya joka langu pia ni yake.

“Na yale yangu, mzee... ulimsomea?”

“Neno kwa neno. Nilijaribu kuruka moja, akanikamata.”

Ardhi ingepasuka pale ningeshukuru. Mkewe ananiita, akasema. Jumapili.

Alhamisi, 15 Mei

Sikula.

Jumapili, 18 Mei

Naandika sebuleni kwao, haraka. Fundi yuko ndani anambadilishia mkewe shuka.

Nilipoingia chumbani nilimwamkia mkewe. Mwembamba mno, macho makali. Akaitika, kisha: “Kumbe muuaji ndiye wewe?” Akacheka mwenyewe. Nami nikacheka.

“Nimemuua, mwanangu. Ukurasa wa pili, kama ulivyotaka. Nenda kasome hapo nje, urudi uniambie. Na usinionee huruma. Huruma nimeshiba.”

Nimesoma mara mbili. Malkia anakufa mstari wa sita. Baada yake farasi, mikuki, moto. Inatembea, naam. Haina uhai! Uhai ulikuwa kwenye zile kurasa nne — zile nyayo, mlango, mtu anayejua kwa mlio wa kiatu nani leo hakuja kumwona. Nilisikia nini mimi siku ile? Kichwa changu kilijaa joka langu.

Fundi alipopita na beseni nikamnong'oneza: zile za zamani ziko wapi? Akasema mkewe alimwamuru azichane mbele yake. Akazichana. Na hizi mpya ndizo za mwisho kwa mkono wake. Tangu Ijumaa penseli inaanguka.

Nikamwambia, mzee, za kwanza zilikuwa bora.

Akaliweka beseni chini. “Mwambie hii ndiyo bora, mwanangu. Nakuomba. Anaisubiri tangu alfajiri.”

Nikisema kweli, ataziandika upya kwa mkono upi? Nikisema uongo — yule aliyekamata neno moja lililorukwa?

Sauti ya mama hiyo, ndani: “Bado anasoma huyo, au anatunga uongo?”

Fundi kafungua mlango. Haniangalii. Nimesimama, karatasi mkono huu, kalamu huu, naingia bila kujua nitasema lipi.