Kitanda cha Kaka Hery

Antsirabe

Kaka Hery,

Wali wa msiba umekwisha, sufuria za majirani zimerudi kwao, lakini mimi situlii. Nafagia ua ambao nimeshaufagia.

Babu tumemzika. Watu walifurika, wakisimulia alivyosimama chini ya kila daraja alilojenga, lori la kwanza likipita juu, na bibi akipiga kelele ng'amboni, "Rajaona, unataka kuniacha mjane makusudi!" Alipostaafu akatujengea kaburi la ukoo, na kila mjukuu akamwekea kitanda cha jiwe cha kulazwa siku yake ikifika. Chako kinatazama mlango.

Sasa sikiliza. Tulipomwingiza Babu kaburini ndani ya sanda yake ya hariri, baba mdogo Solofo akasema, "Kitanda cha Hery nampa mkwe wangu. Hery keshakuwa Mfaransa, hata kumzika babu yake hakuja."

Hasira zikanipanda. Nikakwea juu ya kitanda chako, nikajinyoosha.

"Shuka, wewe kichaa! Mtu hai halali hapo!"

"Babu alisimama chini ya madaraja yake. Na mimi nalala hapa."

Mkwe hakupewa. Lakini tangu siku hiyo wanawake wananipa mkono kwa ncha za vidole, na shangazi ameanza kufuma hariri. Nikimuuliza ni ya nani, anainama tu.

Njoo, kaka. Njoo useme kitanda ni chako, kabla hawajazoea kukiita changu.

Dada yako asiyetulia,
Voahirana