Koti Jekundu la Bibi Soon

Jumatatu, 3 Machi
Treni ya asubuhi hadi St Marys, kazini. Nimemwogesha Bibi Soon, mzee ninayemtunza, nimempa uji wa mchele. Kisha akakaa kuchora. Kwao Korea mzee huandaa mapema picha ya kuwekwa mbele siku ya mazishi yake. Wengine hupiga photo. Yeye anajichora. Nywele nyeupe, mikunjo yote, koti jekundu.
Nimemkumbuka maman, mama yangu aliyebaki Uvira. Miaka sita sijaona uso wake. Meno yake ya mbele yaling'oka. Anatuma sauti tu, anasema mtu mzima haonyeshi mapengo. Mtoto wangu Neema ana miaka mitatu, hajui tate yake, huyu bibi yake, anafananaje.

Jumatano, 5 Machi
Hana, binti wa Bibi, amekuja. Hakupenda picha. "Mama, mjane wa miaka themanini, na nyekundu? Watu wa kanisa watasema nini?" Anataka nywele nyeusi, koti la kijivu. Mlangoni akaninong'oneza nifiche rangi nyekundu. Nimeificha kwenye sakoshi yangu ya begani. Naogopa kupoteza kazi. Nasikia haya.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi ametafuta rangi yake kila mahali, hata kwenye friji. Mwisho akachukua rangi ya mdomo, akaanza kupaka mkono wa koti. Nikacheka, kisha nikalia. Nikafungua sakoshi, nikamrudishia.
"Wewe mwizi wa hovyo," akasema. "Unalia kabla hujakamatwa."

Jumamosi, 8 Machi
Bibi amenikubalia kuipiga picha yake photo. Nimemtumia maman. Nikamwambia huyu meno yake ni ya bandia, usiku yanalala kwenye kikombe. Maman akacheka: "Kumbe wazee wa huko wana kiburi hivi!" Kile kicheko. Jumapili zetu, kitenge chake chekundu, anacheka kanisa zima linageuka. Nikamwomba photo tena. Akageuza mazungumzo. Labda nimemuumiza.

Jumatatu, 10 Machi
Hana ameona koti limekamilika. Bibi akamwambia, "Siku hiyo watakuja kuniangalia mimi. Nitavaa nipendacho." Hana akaipima picha ukutani. Akaenda kutafuta msumari. Kazi ninayo bado.

Jumapili, 16 Machi
Mvua. Asubuhi photo moja imeingia. Maman, mlangoni kwake. Kitenge kile kile, kimepauka. Kinywa wazi, mapengo yote. Amezeeka, Mungu wangu.
Neema akauliza kwa Kiingereza chake ni nani.
"Ni tate yako."
Neema akafungua kinywa, akamwonyesha tate meno yake. Tumekaa tukimwangalia mpaka chai ikapoa.