Jogoo wa Baba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza usumbufu. Sisi hatujambo, mkweo anakusalimu sana. Kuku ndio wenye jambo.

Mama, sijui hata nianzie wapi, maana kichwa hakinikai sawa. Mtetea mweusi alianza kupiga chafya. Jirani akasema ni mafua tu. Mume wangu, ambaye hata yai hajui kulichemsha, akasema ni baridi, akaziba madirisha ya banda kwa magunia. Mara kuku wakaanza kuharisha kijani, na mmoja akapinda shingo akawa anautazama mgongo wake. Nilimcheka, Mungu anisamehe, kisha akaanguka. Wamekwisha wote. Amebaki jogoo wa baba, yule uliyenipa baada ya mazishi yake, anatamba bandani kama mwenye nyumba.

Daktari wa mifugo alisema ni mdondo, hauna tiba, una chanjo tu. Alituamuru tuifukie mizoga chini sana, tusile wala tusiuze hata mmoja, na viatu vya bandani visiingie ndani. Kisha akauliza ni kuku gani mgeni aliyeletwa karibuni. Nikamjibu kwamba hakuna, labda jogoo wa baba, naye alishachanjwa. Akaeleza kuwa kuku aliyechanjwa anaweza kubeba ugonjwa na kuwagawia wenzake bila yeye kuumwa. Nimemwuliza tena na tena, bado sielewi. Mzima anauaje? Basi huenda upo hata huko kwako, Mama. Mwite mtu awachanje wote, na usimpe yeyote kuku.

Daktari alisema jogoo achinjwe na kufukiwa. Nilikataa, nikamfungia jikoni. Akiwika alfajiri nakurupuka nikidhani baba anatuamsha twende shule. Lakini kuku wa jirani wanakuja kudonoa mlangoni pale pale, bado wazima, na mayai yao ndiyo yanayomlisha jirani huyo na wanawe.

Sikukupigia simu kwa sababu ungemsikia akiwika. Nimemwita daktari, anakuja kesho. Barua hii ikikufikia, jogoo hayupo. Sikukuomba ruhusa, Mama, maana ungekataa, nami ningekutii.

Sijui kama nimefanya sawa. Nakuombea afya, na uwasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako