Kiganja Kwenye Kibao cha Shomari

Shomari, mla nazi wee,

Mashine yako ya kuchapa vibao nimeiweza. Siku ileile ilipoteremshwa kwenye lori nilikaa mbele yake, nikabonyeza, ikatii kama mbuzi wa kufugwa. Fundi aliyekuja nayo kutoka Dar akabaki mdomo wazi.

Uongo huo. Fundi alibaki mdomo wazi kwa sababu nilitia ubao wa mninga uliopinda, kichwa cha mashine kikaugonga katikati kwa mlio wa kumfanya mtu atubu. Sisi na brashi zetu, ubao ukipinda kidogo tulikuwa tunausamehe, brashi inapanda na kushuka nao. Kile kichwa kinapita juu ya kitu kwa nafasi ya unene wa ukucha, na hakina msamaha. Mwanao Mwajuma akanitazama kwa jicho lako lilelile. "Baba Maganga, hii si punda. Haipigwi, inapimwa."

Nina hasira na wewe. Wala usitabasamu huko ulipo.

Nani aliyeitaka mashine hii, mimi? Ulisimama hapo kwenye karakana yetu, mbele ya wateja, ukasema, "Brashi imezeeka, mimi sizeeki nayo." Ukaagiza. Ukanihubiria kwamba inachapa juu ya mbao, kioo, vigae, bati, kitu chochote kigumu, na wino ukitoka tu kuna taa ya zambarau inaukausha hapohapo. Nikakuuliza nani ataiendesha. "Mimi. Wewe utabeba mbao, mchukuzi." Kumbe kifua chako unakijua! Sisi ulituambia ni vumbi la msasa. Hospitali ya Kitete ulikwenda umechelewa, kwa ukaidi wako wa Kizaramo, na ulipokata roho lori la mashine lilikuwa bado liko Igunga. Mtu unaalika mgeni, mgeni yuko njiani, wewe unatokea mlango wa nyuma. Ndiyo adabu ya pwani hiyo?

Mazishini nilifanya kazi yangu ya mtani. Nikalala mbele ya jeneza, nikasema Mzaramo huyu hapiti mpaka anibebe mimi kwanza, maana babu yangu Mnyamwezi alimbeba babu yake kutoka pwani akiwa hoi kwa kuharisha. Nikakohoa kama ulivyokuwa unakohoa. Mkeo alinisikia toka ndani, akacheka huku analia. Kisha nikainuka, nikakubeba. Maisha yetu yote uliniita mchukuzi, basi siku hiyo nikawa mchukuzi kweli. Na ulikuwa mwepesi, Shomari. Mwepesi kama fremu isiyo na kioo. Nilirudi nyumbani na matusi yangu mazuri kabisa, hakuna wa kuyajibu. Utani wa mtu mmoja ni wazimu.

Halafu kibao. Nusu ya makaburi ya mji huu umeyaandika wewe, na lako lilikuwa na kijiti tu, kama kaburi la paka. Kwa nini? Kwa sababu ulituapisha. "Changu kitoke kwenye mashine. Mkono wa mtu mwingine utanidhalilisha." Ulikuwa unaniambia mimi, najua. Shule ilinishinda nikiwa mdogo, herufi zangu zinalala kama walevi wa sikukuu. Kwa hiyo mvua zinakuja, tuta linasawazika, arobaini yako inakaribia. Mkeo ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Mwajuma akapanga jina lako kwenye kompyuta, mwili mweusi na herufi nyeupe kama ulivyopenda. Mimi nikakata bati la alumini, nikapiga kingo zake tupa mpaka hazikwaruzi. Nikalilaza mezani, limenyooka, sikurudia ujinga wa mninga. Kisha nikafanya ulivyonifundisha tangu tuna nywele. Kiganja kitupu, toka juu mpaka chini, taratibu. "Ubao huamkiwa, Maganga. Usipouamkia, haukushikii rangi." Nikaliamkia bati lako, Shomari. Kwa adabu zote. Nililiamkia mpaka nikaona aibu.

Kikatoka kibao! Jina lako limekaa kama bwana harusi. Nikaita majirani. Mwajuma akasema, "Subiri, baba," akabandika selotepu, akavuta. Akabandika tena, akavuta tena. Pembeni wino ulishika. Katikati ukabanduka na kuacha umbo la vidole vitano na kiganja, kama mtu aliyeweka mkono kwenye saruji mbichi. Jina likawa limekufa mara ya pili.

Niliitukana mashine. Nikamtukana aliyeitengeneza na lori lililoileta. Nikampigia fundi simu ili nimtukane naye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, kuna mtu kaligusa bati?"

"Hakuna aliyeligusa. Nimeliamkia tu."

Halafu akacheka, mwanaharamu yule. Ni mafuta ya mkono, Shomari. Rangi yetu ya mafuta ilikuwa inayavumilia, ni ndugu. Wino huu hauna undugu na mtu. Kwanza unafuta bati kwa spiriti, kisha unapaka dawa ya kushikisha, nyembamba, unaiacha ikauke, na tangu hapo hakuna kiumbe anayegusa.

Sasa nani nimkasirikie? Maisha mazima umenifundisha heshima, kumbe heshima yenyewe ndiyo inayofuta jina lako. Na umeondoka bila kuniambia. Hukujua, sawa. Basi ungebaki tukaumbuka wote wawili!

Tukarudia. Nimevaa glavu kama mkunga. Spiriti, dawa, nikakaa pembeni. Mkono wa kulia ulikuwa unataka kwenda kwenye lile bati, nakuambia kweli, nikaukalia. Mwajuma akacheka mpaka akashika meza. Kibao kikatoka, selotepu ikavutwa, kikashika. Tukakilaza mpaka kesho yake, ikavutwa tena. Kikashika.

Nimekisimamisha mwenyewe kichwani kwako. Na kwa kuwa wino umeshakauka na hakuna wa kunikataza, nilivua kofia, nikakipitishia kiganja toka juu mpaka chini. Hakikubanduka kitu. Nililia, lakini kwa hasira, usijisifu.

Lile bati la kwanza Mwajuma alitaka kulisafisha tulitumie tena. Nimekataa. Liko ukutani pale ulipokuwa ukitundika kanzu yako.

Lala, mpwani. Mwanao sitamwacha peke yake na mdudu huyu wako, na kiganja changu nitakishika mpaka wino ukauke, hiyo ni ahadi. Ila kuna jambo langu. Nimekuzidi umri, mama zetu wote wawili walisema, na wewe ukabisha hadi mvi. Ukasema siku nitakapotoa kibao kilichonyooka kwa mkono wangu ndipo utaniamkia. Nimekitoa. Kiko juu ya kichwa chako, huna pa kukwepea. Kila ubao wa Tabora uliuamkia, mimi hata mara moja. Basi nikifika huko usianze na "mchukuzi". Anza na shikamoo. Nami marahaba yako nitaichelewesha makusudi, usimame hapo usubiri.

Maganga