Daftari Uliloniomba, Opiyo

Kwako Opiyo, pacha wangu uliyenitangulia duniani kwa robo saa na hujaacha kunikumbusha,

Umeniomba daftari langu. Ulipiga simu Jumatatu nikiwa nimeshika redio ya mtu, iko wazi tumbo, ukauliza hali, ukauliza mvua, halafu ukasema unalitaka lile daftari ambalo naandika kila kitu kinacholetwa kwenye meza yangu hapa Rangwe: kimekufa nini, kimekufa kwa sababu gani, na kilikaa muda gani kabla ya kufa. Ukasema watazamaji wako wamechoka kuonyeshwa vitu vipya, sasa wanataka kujua ni vipi vinavyodumu. Nikakujibu nitafikiria. Unanijua tangu tumboni, ukajua kwamba nikisema nitafikiria nimeshakasirika.

Basi nimefikiria wiki nzima, na hasira si jina lake. Nina wivu, Opiyo. Acha niliandike neno lenyewe nisilizungukezunguke. Nakuonea wivu tangu tuna miaka minane, na mwaka huu wivu huo umenifanyisha jambo baya. Limeandikwa humo ndani ya daftari, kwenye ukurasa mmoja tu, na ukilipata daftari utauona. Ndiyo maana nakutumia barua kwanza. Nimeiandika wazi, na yeyote atakayetaka kuisoma aisome.

Unakumbuka ile gemu ya mkononi, ile ya matofali yanayoshuka? Mjomba alikuja nayo Krismasi, ikiwa moja, amesahau au amejisahaulisha kwamba sisi ni mapacha. Na kwetu pacha hapewi kitu mwenzake akaachwa akitazama. Ukinunua shati unanunua na gauni, ukimpa mmoja yai unampa na wa pili, la sivyo aliyenyimwa ataugua na lawama ni yako. Nyanya yetu, Dani, alipoiona ile gemu moja alishika kichwa. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na kitu kidogo. Aliifungua nyuma, akatoa betri mbili, akakupa wewe gemu kwa kuwa ulitangulia, na mimi akanipa betri. Akasema haya, sasa ni sawa, kila mtu ana chake.

Wewe huisimulia hadithi hiyo kwenye video zako na watu wanacheka mpaka wanatokwa na machozi. Mimi siku hiyo nililia machozi ya kweli. Mtoto gani anafurahia betri? Ulizunguka boma zote na gemu yako iliyozimika, watoto nyuma yako wanataka kuishika, na mimi nimesimama jikoni na betri mkononi, hakuna hata kuku anayenifuata. Ilibidi urudi uniombe ndipo iwake. Nami nikakuringia, nakubali. Nilikuambia ungoje nimalize kuosha vyombo, nikaosha hata vile vilivyokuwa safi.

Tukaketi sasa kwenye ngazi ya nyumba ya Dani. Wewe unabonyeza, mimi naegemea bega lako nakuelekeza, kushoto, geuza, hapo hapo, acha lianguke. Tulikuwa tukishindwa pamoja na kutukanana pamoja. Mpaka leo nikiulizwa gemu nzuri ni ipi, najibu ni ile ambayo hata anayetazama anacheza. Hizi za sasa mnazozisifu zina picha za ajabu, nyasi za uwanjani unaweza kuzihesabu, lakini unanunua halafu unaambiwa ngoja kwanza, inataka bando, inajishusha, inajirekebisha, na mwishowe kila mtu anacheza peke yake chumbani kwake na watu asiowajua. Si kwamba nazichukia. Nazitengeneza, na pedi zake za kuchezea nazijua kuliko ninavyoijua mikono yangu. Nasema tu kwamba hazijafikia ile ngazi ya Dani.

Ile gemu ilipokufa uliitupa nyuma ya choo. Hilo husimulii. Mimi niliiokota, nikaifungua kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikakuta sisimizi wamejenga juu ya springi ya betri na kutu imekula. Nikaisugua kwa limau na majivu kama tunavyosugua sufuria. Ikawaka. Nilipiga kelele za furaha, ukaja mbio, ukaninyang'anya kabla sijacheza hata mara moja. Ulisema ni yako, mimi yangu ni betri. Dani akakubaliana nawe, kwa sababu kwa hesabu yake ndivyo ilivyokuwa.

Tulipomaliza shule Baba alisema mmoja ndiye atakayeenda chuo kusoma mambo ya umeme, na ukaenda wewe. Siku hiyo desturi ya mapacha hakuna aliyeikumbuka. Kwenye mayai ilikuwa sheria, kwenye chuo ikawa ni mambo ya wazee. Mimi nikaenda kukaa kwenye kiti cha fundi wa redio pale sokoni, nikawa namshikia tochi, nikajifunza kulehemu kwa kuungua vidole. Alipozeeka akaniachia meza. Sikulaumu wewe kwa chuo, hukujichagua mwenyewe. Lakini wivu haungoji mtu awe na kosa.

Na sasa tuje kwenye video yako ya mwezi wa tatu. Niliitazama mezani, mteja mmoja amesimama mbele yangu anangoja simu yake. Ulishika simu mpya, ukaigeuzageuza, halafu ukaegemea mbele kama mtu anayetaka kusema siri, ukasema: “Usinunue kitu ambacho fundi wa Rangwe hawezi kukifungua.” Opiyo, hayo ni maneno yangu. Nilikuambia hayo hayo hapa mezani Desemba, nikikuonyesha simu iliyogandishwa kwa gundi kila mahali, haina skrubu hata moja, nikakueleza kwamba mtu aliyeiunda hakutaka iishi, alitaka uirudie dukani. Na uliposema “fundi wa Rangwe” nikangoja. Nilingoja kweli, nikidhani sasa utanitaja. Ukaendelea na kamera ya simu.

Yule mteja akasema huyu kijana ana akili sana, je, ni kweli ni ndugu yako? Nikasema ndiyo. Akaniambia nina bahati.

Nitakueleza bahati yangu. Wewe hukutana na simu siku ya harusi yake, bado ina karatasi ya nailoni usoni. Unakaa nayo wiki moja unairudisha. Mimi hukutana nayo siku ya talaka, miaka miwili baadaye, inanuka samaki wa omena na mafuta ya nywele, mdomo wa chaja umelegea, mwenyewe anasema haijawahi kuanguka na nyufa zinamsuta. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila siku hizi hata kizuri kinatembezwa, na wewe ndiye miguu. Ukitaka kujua bidhaa ina thamani gani, usiulize ina nini. Uliza ikiharibika itarudi kwa nani, na huyo mtu ataweza kuigusa? Hayo nayo nimekupa, yatumie kama ulivyozoea.

Umeona nilivyo. Nimeanza kuungama na nimeishia kukuchamba. Acha nirudi.

Siku ya pili baada ya video hiyo ulinipigia. Ulikuwa umepewa ile mashine mpya ya gemu, ile nyembamba nyeupe, ukae nayo wiki kisha uizungumzie. Ukaniuliza naionaje. Sijui kama unakumbuka jibu langu. Nilisema, “Iko sawa tu.”

Haikuwa sawa, na nilijua. Nilikuwa nazo mbili hapo mezani ulipokuwa unaongea, zimeletwa na watu wawili wa Homa Bay wasiojuana, zote zimeungua mahali pamoja. Pawa yake, sehemu inayopokea umeme, haiwezi stima ya huku inayopanda na kushuka. Huko kwenu labda itakaa, huku haimalizi miezi miwili. Nilikuwa nimeshaandika daftarini, siku tatu kabla hujapiga simu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: ya pili hii, pawa imekufa, imegandishwa kwa gundi, haifunguki bila kuvunjika, watu wa ziwani wasinunue. Karatasi ilikuwa wazi mbele yangu. Nilitaka tu siku moja useme kitu mbele ya watu na kisiwe kweli. Nilitaka uaibike kidogo, mara moja. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Ukaisifu. Ukasema hata kijijini itafaa.

Shangazi yetu Waya alikuwa anatazama. Yeye hana mtoto, wewe ndiye mtoto wake, na ukisema kitu yeye huona kama kimesomwa kanisani. Kile chumba chake cha mabati kule Karungu unakijua, ulikata utepe mwenyewe. Wavuvi wanarudi asubuhi, wanalala, mchana hawana la kufanya ila kunywa, na Waya akaona afadhali wacheze mpira wa kwenye runinga. Watu wazima wenye mabega mapana, wanabanana kwenye benchi, wanagombania pedi. Ijumaa jioni anawafukuza wote kabla jua halijatua kwa sababu ni Msabato, na wanatoka wakilalamika kwamba Sabato imewakuta dakika ya themanini. Wake zao walikuwa wanamshukuru. Alikuwa na mashine za zamani, nene, mbaya kutazama, nilizozifungua na kuzifunga mara ishirini. Aliposikia ulivyosema, akaziuza zote akanunua tatu nyeupe.

Hazikumaliza miezi miwili. Alizileta Rangwe mwenyewe ndani ya gunia, zikiwa zimeshika harufu ya omena, akaziweka mezani moja moja kama mtu anayeleta wagonjwa. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo baya. Alikuwa anakutetea njia nzima, nadhani. Aliniambia mtoto wake hakujua, angejua asingesema. Kisha akanitazama.

“Adongo, wewe ulijua?”

Nikamwambia, “Sikujua, Waya.”

Akatikisa kichwa, akasema kama hata mimi sikujua basi hakuna aliyejua, ni bahati mbaya. Akanishukuru. Nilimnunulia chai akainywa hapo hapo, na daftari liko chini ya kiwiko changu.

Moja nimeifufua. Mbili zimevunjika nilipozibandua gundi. Kile chumba sasa anawekea magunia, yeye amerudi kuanika omena juani kutwa nzima na mgongo ule unaujua, na benchi limehamia kwa muuza pombe. Watu wa Karungu wanasema Opiyo wa Nairobi alilipwa awadanganye ndugu zake. Nimesikia kwa masikio yangu, kwa wateja. Wameniuliza kama ni kweli nikainamia kazi. Niliyetaka uaibike nimepata, na sijui nilifikiri utamu wake utakuwa upi. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ni mimi.

Kwa hiyo uliposema unataka daftari, jambo la kwanza nililofikiria ni ukurasa ule. Una tarehe juu. Utaiona, utakumbuka siku uliyonipigia, utajua. Jumatano nilichukua wembe niukate. Daftari langu limeshonwa uzi katikati, na ukikata ukurasa mmoja mwenzake wa upande wa pili unalegea na kutoka pia. Niliuweka wembe juu ya uzi. Halafu mtu akaleta pasi iliyokata waya, nikauweka wembe chini nikaanza kazi, na sikuushika tena.

Kesho Jumapili naenda Karungu. Nitamwambia Waya kwanza, uso kwa uso, kabla hajaambiwa na mtu. Sijui atanijibu nini. Lolote atakalosema nitalibeba. Nikirudi nitakutumia daftari likiwa zima, na utumie chochote utakachokiona humo, nimekuruhusu, hata yale maneno yangu unayoyapenda. Ila anza na ukurasa huo. Waambie watu wako kwamba kabla hujaisifu ile mashine ulimuuliza fundi aliyejua, na fundi akakujibu iko sawa tu. Watataka kujua ni fundi gani. Miaka hii yote nimetaka unitaje jina mbele ya watu, Opiyo. Nitaje hapo.

Mimi pacha wako niliyekuja nyuma yako,
Adongo